Nyuzi Tisa

Tulianza Marikiti saa mbili na robo,
mimi, Swafiya na Mutinda,
hojaji arubaini, kalamu mbili, moja yavuja.
Mwalimu Nyamvula alituonya: kila duka la tano,
msichague sura, msichague kivuli.
Basi tukahesabu milango hadi Ndia Kuu,
moja, mbili, tatu, nne,
hodi.

Swali la kwanza, umri wa biashara.
La pili, rangi ya ukuta ilinunuliwa na nani.
Hapo watu walicheka. Hatukuwa na safu ya kicheko.
La tatu, nembo mpya ya mji, umeiona wapi?
La nne ndilo lililotutoa shuleni:
tangu kuta zivishwe nyeupe na buluu,
wateja wameongezeka?
Ndiyo. La. Sijui.

Muuza bizari alisema ndiyo, wageni wapiga picha mlangoni,
kisha akafunga karatasi ya pilipili manga, akasema,
picha hailiwi.
Swafiya akaniuliza kwa jicho: hiyo ndiyo, au la?
Nikatia alama kwenye ndiyo.
Naungama hapa, maana kwenye ripoti hapakuwa na nafasi.

Duka la arubaini halikuwa duka.
Kibaraza Kibokoni, friji ndogo,
brashi saba zimekauka kama ndevu za beberu,
na Shebwana, aliyechora majina ya nusu ya mtaa
kabla ya amri ya herufi za namna moja.
Sasa auza barafu za ukwaju, shilingi kumi.
Tukamsomea swali la nne.
"Njooni ikinya mvua," akasema.
Mutinda: kaka, twataka ndiyo au la.
"Nimeshajibu. Andika."

Jumamosi, mezani kwetu Tudor, bikari imevunjika mguu,
nikazungusha penseli kwenye kifuniko cha sufuria.
Duara nyuzi mia tatu na sitini, watu arubaini,
kila mtu nyuzi tisa, awe tajiri, awe na barafu.
Ndiyo, kumi na mmoja: tisini na tisa.
La, kumi na saba: mia na hamsini na tatu.
Sijui, kumi na mmoja tena.
Akabaki Shebwana, kipande chembamba kama ukucha.
Mamangu, sindano mdomoni, akachungulia:
"Nyuzi tisa? Hizo hazishoni hata kishikizo."

Jumatano ilikunya.
Sikuwaambia wenzangu. Nilishuka Kibokoni viatu mkononi,
nikasimama mbele ya duka la vifuniko vya simu.
Ukuta ulikuwa unatoka jasho.
Rangi nyeupe, ile ya bei ya zabuni, ilikuwa imelegea,
na kutoka chini yake nyekundu ilikuwa yapanda,
herufi moja, ya pili,
mikia yake mirefu, ya mkono wa mtu.
Shebwana alikuwa ng'ambo, amekinga kichwa kwa gunia.
Hakusema kitu. Alinirushia barafu.

Ijumaa tukabandika manila ubaoni.
Swafiya alitaka kufungua kwa *kipya kinyemi ingawa kidonda*;
Mwalimu aliikata tangu rasimu: methali si takwimu.
Mutinda akasoma hitimisho letu kwa sauti ya mhubiri:
mji umejipatia sura mpya,
wafanyabiashara wana maoni mseto.

"Na hiki kipande?" Mwalimu akagusa ule ukucha.
"Makosa ya ukusanyaji," Mutinda akajibu.

Nikaona mkono umeinuka, kumbe wangu.
Nikasema si makosa. Nikasema nilirudi ilipokunya.
Darasa likaguna. Mwalimu akavua miwani,
akaipangusa kwa ncha ya mtandio, polepole,
kama mtu anayetafuta safu.

"Ukaona nini?"

"Maandishi, Mwalimu."

"Yasome."

Nikayasoma kutoka kiganjani, wino umeshachujuka:
Taa. Tambi. Mafuta ya t—

"Ya t nini?"

Sikujua. Hapo rangi mpya ilikuwa nzito.